Kalibu ya Milio Saba

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja. Limo katika mchakato wa kuidhinishwa upya tangu mwaka wa pili wa Uhuru, na karani wa daraja la tatu kama mimi hana mamlaka ya kutaja kitu ambacho kamati haijamaliza kukijadili. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye wizara thelathini na nane na sarafu iitwayo jasho. Waasisi waliipa sarafu jina hilo ili kila mwananchi ajue anachokitoa mfukoni. Mimi niliajiriwa katika Wizara ya Heshima, ghorofa ya chini, chumba kinachotazamana na mapipa ya taka.

Nataka kueleza jinsi serikali yetu tukufu ilivyonunua kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa glasi ya chai. Nitajitahidi kueleza bila hasira. Nimeshajaribu mara tatu, na mara zote tatu niliishia kuichana karatasi.

*

Siku ya Uhuru hatukuwa na mizinga. Mkoloni alipoondoka alikwenda na mizinga yake yote, akang'oa na vitasa vya milango. Kilichobaki ni bunduki moja ya kuwindia tembo, mali ya mwindaji mmoja wa kizungu aliyekimbia bila kulipa kodi ya nyumba. Ilikuwa bunduki nene, nzito, ambayo kishindo chake kilitosha kumlaza mbuzi aliyesimama karibu. Askari mmoja kijana aitwaye Ngwali akaibeba, akaielekeza juu, akapiga mara saba, na taifa likazaliwa.

Bunge letu la kwanza halikupoteza muda kwa mambo ya shule na maji. Lilitunga Sheria ya Milio Saba: kila shujaa aliyekuwapo uwanjani siku ile, akifariki, atapigiwa milio saba kwa bunduki ileile, na kabla ya milio hiyo, dola haitatambua kwamba amekufa, wala hakuna atakayeruhusiwa kumfukia.

Ni sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba bunduki inataka risasi. Ile ya mwindaji ilitengenezwa moja tu, kwa kipimo chake peke yake, na fundi aliyeitengeneza alishakufa. Duniani kote hakuna duka linalouza risasi zake. Tulikuwa na maganda matupu thelathini ndani ya sanduku la biskuti, basi.

Sajini Ngwali ndiye aliyetuokoa. Alijua kwamba ganda la risasi likishapigwa huvimba kidogo, na likivimba haliingii tena kwenye bunduki. Dawa yake ni kalibu, kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa kipimo kamili. Unalisukuma ganda ndani ya tundu, linabanwa, linatoka na umbile lake la ujana. Halafu unaweka fataki mpya, yaani kiwashio, kwenye kitako, unatia baruti, unaziba kwa pamba, na shujaa mwingine anaweza kuzikwa. Ngwali alikwenda mtaa wa Gongoni kwa mkereza vyuma aitwaye Fundi Mbaruku, wakachonga kalibu kutokana na ekseli ya lori bovu. Gharama yake ilikuwa kilo mbili za sukari, na Ngwali alizitoa nyumbani kwake. Kwa kalibu hiyo walizikwa mashujaa wote kwa miaka ishirini na minane, hakuna aliyechelewa hata siku moja.

Alipostaafu alitakiwa kukabidhi vifaa. Ofisa wa ghala akaomba risiti ya kalibu. Ngwali akasema haina risiti. Ofisa akamwambia kwamba kifaa kisicho na risiti hakipo. Ngwali akamwonyesha, akasema mbona kipo mkononi mwake. Ofisa akapekua kanuni, akarudi na uso wa huzuni: kama kipo na hakikupokelewa, basi ni kosa kubwa zaidi kuliko kama kisingekuwapo. Kalibu ikaandikwa kuwa chuma chakavu, ikapigwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika miguu, ikanunuliwa na wauza vyuma. Haijaonekana tena. Ngwali akapewa cheti na saa ya ukutani.

*

Alifariki Jumanne moja ya mwezi wa tatu, baada ya kunywa uji. Saa nne asubuhi mkewe, Bi Siwatu, alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akiwa na kanga mbili na kitambulisho cha marehemu.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kuchukua ruhusa ya kumzika mume wangu."

Nikamfungulia sheria. Nikamweleza kwamba mumewe alikuwa shujaa wa mwisho aliyebaki, kwamba taifa zima limeguswa, na kwamba kwa kuwa risasi hazipo, kiserikali Sajini Ngwali bado hajafariki. Mwili ungehifadhiwa katika chumba cha baridi cha hospitali kuu kama mali ya taifa, mpaka milio saba itakapopatikana.

Bi Siwatu hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Sasa mimi ni mjane, au si mjane?"

Nilimjibu kwamba suala lake lipo katika mchakato. Naona aibu mpaka leo kwamba nililitamka neno hilo mbele ya mama aliyefiwa, tena nikamwomba ajaze fomu.

*

Jioni ile nilikwenda Gongoni. Fundi Mbaruku alikuwa hai, mzee wa miaka sabini na ushei, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Aliposikia habari za Ngwali alizima mashine, akaniambia nimpelekee ganda moja tu kutoka kwenye sanduku la biskuti. Kalibu itakuwa tayari baada ya siku tatu. Bei, jasho elfu sitini: arubaini za chuma, ishirini za tumbo.

Nilirudi wizarani mbio, nikidhani nimeleta habari njema. Katibu Mkuu wetu, Bwana Shekue, ambaye sahihi yake ni ndefu kiasi kwamba hupumzika katikati yake, alilisoma ombi la Fundi na uso ukamsinyaa. Aliniuliza kama najua kwamba kitasa cha choo chake peke yake ni elfu themanini. Kisha akanisomea Kanuni ya Hadhi ya Manunuzi, inayosema kwamba hakuna kitu cha kumhudumia shujaa kitakachonunuliwa chini ya jasho milioni kumi, kwa kuwa bei ndogo ni matusi kwa marehemu.

Hata hivyo Bwana Shekue ni mtu wa huruma. Aliagiza Fundi aitwe, ashauriwe kurudi na bei yenye staha. Fundi Mbaruku aliwaza siku mbili, akaja mbele ya kamati amevaa shati safi, akataja elfu sitini na tano. Walipomuuliza ameongeza nini, akasema nauli. Kamati ilicheka mpaka chai ikamwagika juu ya kumbukumbu za kikao. Mwisho walimkatalia kwa sababu karakana yake ina mlango mmoja tu na haina njia ya dharura. Kweli ina mlango mmoja. Upande wa nyuma haina ukuta kabisa.

*

Zabuni ikaenda kwa kampuni moja ya nchi ya baridi. Sina ubaya na kampuni ile. Walituandikia barua ya nusu ukurasa kwamba kalibu ya namna hiyo, ya kuchongwa kwa kufuata ganda la mteja, ni ghali kidogo kuliko za kawaida, kiasi cha bei ya jokofu la kati, na itachukua wiki sita. Walichohitaji ni ganda moja, lifungwe kwenye bahasha, litumwe kwa posta.

Posta! Bwana Shekue aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Ganda lililoizaa nchi haliwezi kupigwa mhuri mgongoni kama barua ya madai. Ukaundwa ujumbe wa watu kumi na moja: Katibu Mkuu, msaidizi wake, wa kulibeba ganda, wa kumshuhudia mbebaji, daktari, mtu wa itifaki, na wengine ambao kazi zao zingegunduliwa hukohuko. Ganda lilikatiwa kiti chake, dirishani. Wakafika, wakalala hotelini siku kumi na tisa, kwa sababu ilibidi ganda lizoee hali ya hewa. Nauli, posho, makoti ya baridi, posho ya kuvaa makoti, bima ya ganda, mkalimani wa kuzungumza na wenyeji, na mkalimani wa pili wa kumkagua wa kwanza. Mpaka mwisho, kalibu yenyewe ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya kalibu.

Lakini huwa naichana karatasi ninapofika kwenye ganda walilolichukua.

Wizara yetu ina Idara ya Kung'arisha, yenye watumishi kumi na wanne na mkurugenzi. Kazi yao ni ganda la kwanza la Siku ya Uhuru, lililo ndani ya kabati la kioo. Kila Ijumaa hulitoa, hulisugua kwa majivu, ndimu na mchanga laini, hulirudisha. Wamefanya hivyo tangu Uhuru. Ganda limeng'aa hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na limeisha. Fundi Mbaruku aliliona siku ile ya kamati, akanivuta kando, akaniambia kwamba lile limeshaliwa, limepungua unene na limekonda. Yeyote atakayepewa kazi, tumpelekee mojawapo la yale meusi ya kwenye sanduku. Tukipeleka lile la kabatini, tutaletewa kalibu ya ganda lililokonda.

Niliandika dokezo. Niliandika kwa adabu, kwa herufi kubwa, nikachora na picha. Jibu lilirudi kwa wino wa kijani: "Je, karani anapendekeza tuwaonyeshe wageni uchafu wetu?" Nikapewa na barua ya onyo.

*

Bi Siwatu alikuja kila Jumatatu. Alikuwa anapitia kwanza hospitali, na huko alikuta Fomu ya Uzito. Kwa kuwa shujaa ni mali ya taifa, kila Ijumaa mhudumu wa chumba cha baridi alitakiwa kumpima na kuandika kilo, kusudi ijulikane kwamba hakuna sehemu iliyoibwa. Ngwali alikuwa kilo sitini na mbili. Mkewe alikuwa anasoma fomu hiyo ubaoni, kisha anakuja kwangu kuuliza kama milio imepatikana.

Mwezi wa tano alinijia na barua nyingine. Idara ya Wastaafu ilikuwa inafanya uhakiki, na kila mstaafu aliye hai alitakiwa kufika mwenyewe, kwa miguu yake, na picha mbili za pasipoti. Asipofika, pensheni ingekatwa kwa kosa la utovu wa nidhamu. Nikawapigia simu. Wakanijibu kwamba katika mitambo yao Ngwali hajafa.

"Nimpeleke?" Bi Siwatu akaniuliza.

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza dirisha lipi ni la kulipia maji, kwa sababu miezi mitatu ya kuja wizarani ilikuwa imemfundisha kwamba swali lolote linawezekana. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza mpaka macho yangu yakakauka.

Mwezi wa saba ikaharibika jenereta ya chumba cha baridi. Umeme wa mgawo ulikuwa unakatika siku mbili kati ya tano, na fungu la kutengeneza jenereta lilikuwa limehamishiwa kwenye makoti. Mhudumu alimwita Bi Siwatu pembeni, akamweleza kwa heshima kwamba yeye amefika mwisho wa uwezo wake. Mama yule akatembea kutoka hospitali hadi wizarani juani. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwanangu, mimi sikuomba milio," alisema. "Naomba udongo."

*

Kalibu iliwasili Ijumaa. Lilitandikwa zulia jekundu kutoka kwenye ngazi ya ndege. Wanafunzi walitolewa madarasani, bendi ikaletwa, na askari wote wa mji, wale wa barabarani na wale wa hospitali, walipelekwa uwanja wa ndege kuilinda. Mheshimiwa Waziri wa Heshima aliinua kisanduku juu kwa mikono miwili na kutangaza kwamba mataifa makubwa yamekuwa na kalibu kwa miaka mingi bila kuthamini walichonacho, ila sisi tumethibitisha thamani yake kwa vitendo: milioni mia nne na kumi na mbili.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na kazi.

Siku mbili kabla, Bwana Shekue alikuwa amenikabidhi faili lote la zabuni ya kalibu. Alisikia kwamba Mkaguzi Mkuu ameanza kuulizauliza, akaniagiza nilitafutie faili hilo mahali ambapo halitaonekana na mtu. Lilikuwa limegawanyika katika magunia manne: madokezo, tiketi, stakabadhi za makoti, maoni ya kisheria kuhusu kiti cha dirishani. Nililipima kwenye mizani ya jikoni ya wizara. Kilo sitini na moja na nusu. Nikaongeza sheria yenyewe ya Milio Saba, toleo la jalada gumu, ikawa sitini na mbili kamili.

Adhuhuri, mji ukiwa mtupu, tulifika chumba cha baridi na gari bovu la Fundi Mbaruku. Mhudumu alifungua mlango bila kuuliza, akatusaidia kubeba. Tulimtoa Sajini Ngwali, tukaweka faili mahali pake, tukalifunga ndani ya mfuko uleule na kulifunika kwa bendera ileile. Mhudumu akapima, akaandika kilo sitini na mbili, akatia sahihi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka kumi na moja ya utumishi wangu ile ilikuwa fomu ya kwanza kuniletea faraja.

Tulimzika Gongoni, nyuma ya nyumba yake, penye mndimu. Tulikuwa watu tisa, pamoja na imamu wa mtaa na majirani. Hakuna aliyetoa hotuba. Kaburi lilipokwisha kusawazishwa Fundi Mbaruku alichukua nyundo, akasogelea kipande cha reli kilichoning'inia pale kama kengele ya mtaa, akamuuliza Bi Siwatu kama agonge mara saba, walau kwa ukumbusho wa kazi ya rafiki yake. Bi Siwatu akakataa. Alisema mumewe amesikia kelele za kutosha, sasa apumzike. Kwa mbali tulikuwa tunaisikia bendi ya uwanja wa ndege.

Hatukuweka jina. Mtu ambaye hajafa hawezi kuwa na kaburi, na kaburi lenye jina lake lingetupeleka sote jela. Bi Siwatu alizungushia mawe madogo, akasema yeye anapajua.

*

Kalibu ilijaribiwa mbele ya kamati nzima. Yalichukuliwa maganda saba meusi, yakasukumwa ndani yake kwa nguvu, yakatoka yamekonda kama Fundi alivyosema yatakonda. Yalipotiwa ndani ya bunduki yalicheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake. Msumari wa kufyatulia haukuifikia fataki. Bunduki ikabofywa, ikabofywa, ikanyamaza.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikiandika kumbukumbu. Nikiri kwamba nilifurahi, maana nilidhani sasa wataona. Bado nilikuwa mjinga.

Bwana Shekue alisimama, akasafisha koo. Aliwaomba wajumbe wafikiri kwa utulivu. Bunduki, alisema, tuliiokota bure kwenye veranda ya mtu aliyekimbia deni. Kalibu imegharimu milioni mia nne na kumi na mbili. Kati ya kitu cha bure na kitu cha milioni mia nne na kumi na mbili, ni kipi chenye uwezekano wa kukosea? Wajumbe walitikisa vichwa kwa mshangao wa jinsi jambo lilivyokuwa wazi. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba kalibu ni sahihi na kwamba bunduki ya Uhuru imekuwa na kipimo kisicho sahihi tangu Uhuru. Ikaagizwa bunduki mpya, itakayohesabiwa kisheria kuwa ileile, ya kuchongwa kufuata kalibu. Ujumbe, safari hii, ulikuwa wa watu kumi na wanane, kwa kuwa kalibu ni nzito kuliko ganda.

Hakuna aliyemtaja Fundi Mbaruku. Nilinyanyua mkono, nikaambiwa waandika kumbukumbu hawana mikono.

*

Mwaka mmoja na miezi minne baada ya uji ule, taifa lilimzika Sajini Ngwali katika Uwanja wa Mashujaa. Jeneza lilibebwa na makanali sita. Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa mbili na dakika kumi, akamwelezea marehemu kama mtu aliyebeba siri nyingi za taifa letu na asiyewahi kumfichulia mtu hata moja. Pembeni yake Bwana Shekue alitikisa kichwa kwa masikitiko. Bi Siwatu alikuwa amekalishwa safu ya mbele na kupewa leso ya serikali, na ofisa wa itifaki alikuwa anamwonyesha kwa kidole wakati wa kuitumia. Aliitumia vizuri. Mimi, niliyekuwa nyuma yake, niliona mabega yake yakitikisika, na haikuwa kwa kilio.

Bunduki mpya ililia mara sita. Mlio wa saba haukutoka. Baada ya mashauriano mafupi, ulihesabiwa kuwa umelia kwa ndani. Kifo kikatangazwa, cheti kikatolewa, jiwe la marumaru likawekwa juu ya kilo sitini na mbili za makaratasi, na jina: SAJINI NGWALI. Hivyo mumewe Bi Siwatu ana kaburi lisilo na jina, na jina lake lina kaburi lisilo na mtu. Nilitaka kulia njia nzima ya kurudi, si kwa huzuni. Nilikuwa nimechoka tu kuwa na akili timamu peke yangu.

*

Siku arubaini baadaye alikuja Mkaguzi Mkuu. Huyu ni mtu wa kweli, nampa haki yake, tena ni mtu wa pekee serikalini anayekuja saa mbili kamili. Alitaka faili la kalibu. Bwana Shekue akanigeukia, jasho likimtoka, lile la kawaida, akaniuliza mbele ya mgeni nimeliweka wapi.

Nilisema ukweli, nusu yake. Nilisema nililiweka ndani ya jeneza la shujaa, kama nilivyoagizwa, mahali ambapo halitaonekana na mtu. Mkaguzi alivua miwani, akaivaa. Kisha akasema basi kaburi lifukuliwe.

Wakifukua watakuta magunia manne na hakuna Ngwali. Wakimkosa watamtafuta, na hawatakwenda mbali, watakwenda kwa mkewe. Watamtoa chini ya mndimu wake, watampima, watamrudisha kwenye chumba cha baridi asubiri kuzikwa upya kwa utaratibu. Nilimwona Bi Siwatu amesimama tena mbele ya meza yangu Jumatatu na kanga zake mbili, na safari hii nisingeweza hata kumpa kiti.

Nikaichukua sheria. Nakala yangu, ile ya jalada laini. Kifungu cha kumi na tisa kinasema kwamba kaburi la shujaa halitafunguliwa ila kwa milio saba ya heshima, yote isikike. Nilimsomea Mkaguzi polepole. Aliuliza risasi zipo? Nikamjibu kwamba zimekwisha na maganda yamevimba, lakini hakuna shaka, kalibu tunayo.

Bwana Shekue ndiye aliyeshangilia, akidhani namtetea. Mkaguzi akaandika: zitengenezwe risasi saba, kaburi lifunguliwe.

Siku ileile niliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Idara ya Kung'arisha.

*

Walinipokea kwa furaha, maana kalibu nayo sasa ni hazina ya taifa na imo katika kabati la kioo pembeni ya ganda. Wenzangu walikuwa wanaisugua kwa nje tu. Mimi niliwaeleza kwamba heshima ya kalibu imo ndani ya tundu, na kwamba kuliacha tundu bila kung'arishwa ni kumdharau marehemu. Wakanishukuru. Kila Ijumaa nazungushia kitambaa kwenye kijiti, nachovya kwenye majivu, ndimu na mchanga ambao Fundi Mbaruku ananichagulia, nasugua kwa zamu mbili bila kupumzika. Tundu linapanuka. Fundi huja siku ya wageni na kipimo chake mfukoni, hutazama kabatini kama mtalii, hunikonyeza.

Walijaribu mwezi uliopita. Maganda yalitoka manene, hayakuingia hata robo kwenye bunduki mpya. Kamati ikakaa. Ikaamua kwamba kosa ni la maganda, kisha la baruti, kisha la hali ya hewa, na mwisho ikakubali kutangaza zabuni ya kalibu nyingine. Fundi Mbaruku ameomba tena, kwa elfu sitini na tano. Nilihakikisha mwenyewe kwamba ombi lake limefika, ili likataliwe mapema na mambo yaanze kwenda kwa kawaida.

Jumapili nilikwenda Gongoni kumwarifu Bi Siwatu. Nilimkuta anafagia kuzunguka mawe yake. Aliacha ufagio, akasikiliza yote, akaniuliza jambo moja tu: mpaka ipatikane kalibu mpya, itachukua muda gani?

Nikahesabu kwa vidole: kamati ndogo, kamati kubwa, ujumbe, makoti, majaribio, bunduki ya tatu, na Ijumaa zangu zote. "Wakiharakisha, Bibi, miaka kumi na minne."

Bi Siwatu ana miaka sabini na sita. Nilimwona naye anahesabu, macho yake yakiwa kwenye kaburi.

"Basi," alisema. "Inanitosha."

Akainuka, akachuma ndimu sita kutoka kwenye mti, akanifungia kwenye gazeti kwa ajili ya Ijumaa.